Maswali na majibu: Kamera chumbani kwa mzee mwenye dimenshia

Mama yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Minnesota, Marekani, ana dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu). Nimemkuta na michubuko mara mbili na maelezo ya wahudumu hayaniridhishi. Naruhusiwa kuweka kamera chumbani kwake?

Pole sana. Unaruhusiwa: sheria yake ilianza Januari 1, 2020, na Texas walitangulia tangu 2001. Lakini muulize mama kwanza. Hata kama wewe ndiye mwakilishi wake kisheria, akikataa ndiyo basi. Muulize asubuhi, kwa maneno machache, kamera yenyewe ukiwa umeishika aione, kwa sababu wagonjwa wengi huvurugika zaidi jua linapozama. Kama chumba ni cha wawili, mwenzake naye lazima aridhie.

Fomu ya ridhaa unaipeleka kwa uongozi. Ukihofia mama atalipiziwa kisasi, unaweza kuipeleka kwanza kwenye ofisi ya serikali inayotetea wakazi wa nyumba hizo, na kurekodi hadi siku 14 kabla uongozi haujajulishwa.

Michubuko isisubiri kamera. Ipige picha leo, andika tarehe, udai maelezo ya muuguzi kwa maandishi. Ngozi ya mzee ni laini, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvilia damu kwa kuguswa kidogo tu. Ila alama za vidole kwenye mkono wa juu zina mtu aliyeshika, na una haki ya kuuliza ni nani na kwa nini.

Niko Dar, bibi yuko Tanga na dada wa kazi anayemtunza. Nataka kufunga kamera dada asijue, nione ukweli.

Usimfiche, nakuomba. Huyo dada ndiye anayemgeuza bibi kitandani, anayembadilisha nepi, anayemfuata mlangoni bibi anapotaka kwenda "nyumbani" saa nane usiku. Siku akiigundua kamera ataondoka, na bibi atabaki na mgeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo imesimama juu ya msingi kwamba mtu ajue taarifa zake zinachukuliwa na kwa ajili gani.

Mwambie, mkubaliane mahali: sebuleni na mlango wa nje panatosha. Bafuni na chooni, hapana kabisa. Na kama dada analala chumba kimoja na bibi, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi, hicho ni chumba chake pia. Kamera isiingie humo.

Kisha tazama picha za usiku kwa haki. Hesabu bibi aliamka mara ngapi, halafu hesabu dada alilala saa ngapi. Ukiona mtu hapati usingizi wiki nzima na asubuhi anaanza kufua, tatizo umeshaliona, na dawa yake ni msaidizi wa usiku na siku ya mapumziko yenye malipo. Nimesoma barua nyingi za familia zinazolalamika dada "amekuwa mkali", na karibu zote hazitaji analala saa ngapi.

Mimi ni mhudumu wa wazee Dallas, Texas. Familia imeweka kamera, najiona kama mshukiwa.

Naelewa inavyouma. Usiizime wala kuiziba bila ridhaa. Texas kuichezea ni kosa la jinai. Sema unachofanya kabla hujakifanya: "Mama, sasa nakuosha mkono wa kulia." Mgonjwa hashtuki, na siku ukisingiziwa, sauti yako imo. Iombe familia ikubali kwa maandishi kamera ifunikwe wakati wa kuoga na kuvaa. Ombi hilo ni la heshima ya mgonjwa, na familia nyingi hazikulifikiria tu.

Kamera ya baba ina spika. Nikimsalimia anahangaika kunitafuta, mara analia.

Zima spika. Anasikia sauti ya mtoto wake na mtoto haonekani, lazima ahangaike. Mpigie simu ya video mtu akiwa amekaa naye.

Ndugu wanataka video za mama ziwekwe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo.

Hapana. Mama akiwa na akili yake timamu asingekubali aonekane akivuliwa nguo au akimtukana mjukuu. Wawepo wawili tu wenye nywila, ambayo si ile iliyokuja na kamera kutoka dukani. Kila wiki futeni vipande vya video visivyo na tukio. Kikionekana kipigo au kuanguka, nakili kipande hicho chote bila kukikata, kwa daktari au polisi.