Demokrasia yenu nzuri, ila mi nipelekeni Ashur

Swali la wiki hii ni kwamba ukirudishwa zamani ungeishi wapi, Mesopotamia au Ugiriki ya kale? Najua wengi watakimbilia Athens, demokrasia, falsafa, watu wamejaa kilimani Pnyx wanapiga kura. Sawa, ila unaenda kama nani? Mi ni mwanamke na nauza vitenge, Athens ya Pericles, yule kiongozi wao wa karne ya 5 KK, ningefanya nini jamani.

Kule mwanamke maisha yake yote yuko chini ya mwanaume, baba, mume au kaka, na sheria ilimkataza kuingia mkataba unaozidi thamani ya medimno moja ya shayiri, yaani kama lita 52 za nafaka, basi. Baba akifa bila mtoto wa kiume, binti anadaiwa na ndugu wa karibu wa marehemu amuoe ili mali isitoke ukooni, hata akiwa ni baba yake mdogo. Halafu mwaka 451 KK Pericles akapitisha sheria kwamba raia lazima baba na mama wote wawe Waathene, kwa hiyo mama anahitajika kuzaa raia ila kura hapigi. Wageni nao hawapigi, na watumwa ndo wapo chini ya ardhi huko Laurion wanachimba fedha.

Sasa nenda Ashur, mji wa Mesopotamia pembeni ya mto Tigri, karne ya 19 KK. Wanaume wanapakia punda bati na vitambaa wanaenda Kanesh, Uturuki ya leo, njiani wiki kama 6, wake zao wanabaki mjini wanafuma, wanasimamia wafumaji, wanatuma mzigo na wanadai hela yao. Kanesh wamechimbua vibao vya udongo zaidi ya 20,000, vingi ni barua na hesabu za biashara, na humo yumo Lamassi, mke wa Pushu-ken. Mume kaandika vitambaa ni vidogo, mama anamjibu bila kupepesa: si wewe ndo ulitaka nivipunguze? Sasa unasema niongeze nusu mina ya sufu (mina ni kipimo chao cha uzito, kama nusu kilo), haya nimeongeza. Nilicheka peke yangu, mteja analalamikia kipimo alichokitaja mwenyewe, hao hadi leo ninao.

Sisemi kulikuwa peponi. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, Mesopotamia hiyohiyo, mke akimkataa mumewe wanachunguza, ikionekana mume ni mtembezi na anamdharau, mke anabeba mali aliyokuja nayo anarudi kwao, ikionekana mkosaji ni yeye anatupwa mtoni. Mama muuza pombe akipunja wateja, naye mtoni. Ukimtoboa jicho bwana mkubwa na lako linatolewa, ukimtoboa mtu wa chini unalipa tu mina moja ya fedha. Usawa hamna. Lakini huyo mama wa pombe sheria inamjua kama mwenye biashara, na kule mji wa Sippar kulikuwa na wanawake waliowekwa wakfu kwa mungu jua, naditu, wananunua mashamba, wanakopesha fedha, na mikataba yao ipo mpaka leo.

Mkinibana kwamba lazima Ugiriki basi iwe Sparta, ule mji mwingine wa Wagiriki. Aristotle, mwanafalsafa wao, alilalamika karibu 2/5 ya ardhi ya kule ipo mikononi mwa wanawake, na alivyolalamika ndo nikajua pananifaa. Ule mchuzi wao mweusi wa damu ya nguruwe wabaki nao wanaume.