Antivairasi yangu ina kigeugeu?

Swali: Fundi, shikamoo. Nina duka la kuchapa na fotokopi karibu na stendi ya Moshi. Mteja kaniletea programu ya invoisi kwenye flashi. Antivairasi ikasema ni safi, nilipoifungua ikaizuia. Niamini lipi? — Mama Duka, Moshi

Jibu: Marahaba, mama. Amini la pili. Kwanza ilitazama sura tu, ikalinganisha faili na alama za virusi vinavyojulikana. Mtengenezaji akigeuza msimbo kidogo, sura haifanani tena. Ulipoifungua, ikatazama mwenendo. Invoisi ina shughuli gani ya kuzifunga picha zako moja baada ya nyingine, kisha kufuta nakala za akiba za Windows? WannaCry, kirusi cha kufunga faili na kudai fidia, ilifanya hivyohivyo Mei 2017.

Mimi hapa Arusha flashi za wageni nazifungulia kwenye kompyuta bandia iliyo ndani ya kompyuta, natazama huku nakunywa chai. Programu nyingine ni janja: zikihisi zimetegwa, zinajifanya zimelala. Kuna na programu safi kusingiziwa, maana programu ya kuhifadhi nakala nayo hugusa faili nyingi upesi. Ila hiyo yako usiiruhusu. Mrudishie flashi yake, akutumie invoisi kwa PDF.