Maswali ya Wasomaji: Komyuniti za BGP Zimetapakaa, Tuzipange Vipi?

Swali: Ndugu wahariri, mtandao wetu una ruta zaidi ya 40 kutoka kwa watengenezaji watatu. Komyuniti za BGP (lebo za namba zinazobandikwa kwenye njia ambazo mitandao hutangaziana kwa itifaki ya BGP) tumeziorodhesha kwenye jedwali ambalo siku hizi halilingani na kilichomo ndani ya ruta. Kuna zana gani ya kuzisimamia, na tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni na faili, zana zitafuata. Fungueni hifadhi ya Git, inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, muweke humo faili moja ya YAML (maandishi yaliyopangwa ili mtu na programu wayasome), na hiyo ndiyo iwe na neno la mwisho: komyuniti isiyomo humo haipo. Kila komyuniti iandikiwe namba, maana, aina, nani anaruhusiwa kuituma, na kichujio (kanuni za ruta za kukubali, kubadili au kukataa njia) kinachoifanyia kazi. Hilo la nani anaruhusiwa ndilo wengi huliruka, na ndilo linaloleta balaa.

Kuhusu aina, tenganisheni za taarifa na za amri, kila moja na safu yake ya namba. Tuseme AS yenu, yaani namba inayotambulisha mtandao wenu kwenye BGP, ni 64500. Kuanzia 64500:2000 hadi 64500:2999 ziwe za taarifa: 2010 ni njia ya mteja, 2020 ni njia ya mtandao mnaobadilishana nao trafiki, 2030 ni njia ya mtoa huduma wenu wa juu. Kuanzia 3000 hadi 3999 ziwe za amri, ambazo mteja huzituma kuomba jambo, kwa mfano njia yake isitangazwe kwa jirani fulani.

Za taarifa zibandikwe na ruta zenu tu. Jirani mnayebadilishana naye trafiki akiweza kuja na 64500:2010 yake, vichujio vya kutoka vitaidhania njia hiyo kuwa ya mteja na kuitangaza kwa mtoa huduma wa juu. Hapo mmevujisha njia, na trafiki isiyowahusu itapita kwenu mpaka viungo vijae. Kinga ni mistari miwili kwenye kichujio cha kuingia. Kwa mteja, kwenye BIRD (programu huria ya ruta):

`bgp_community.delete([(64500, 2000..2999)]);`
`bgp_community.add((64500, 2010));`

Msiigeuze mistari hiyo. Ukitangulia kuongeza, mstari wa kufuta utaiondoa lebo uliyoibandika mwenyewe, na njia ya mteja haitatangazwa popote. BGP itaonekana iko hewani, lakini mteja hafikiki.

Faili ikishatulia, violezo vya Jinja2 (maandishi yenye nafasi za kujazwa data) viisome na kuzalisha usanidi wa kila aina ya ruta, kisha zana ya otomatiki ya Ansible iusambaze. Faili hiyohiyo izalishe pia ukurasa wa maelezo wanaousoma wateja. Kabla ya kusambaza, weka programu fupi (skripti) inayokataa namba zinazojirudia na zinazozidi 65535. Kwa ruta za Cisco na Juniper, ongezeni Batfish: inachambua usanidi bila kugusa ruta. Iulizeni kama njia yenye 64500:2020 inaweza kutoka kwenda kwa mtoa huduma wa juu. Ikijibu ndiyo, badiliko hilo lisipite. Kama tayari mnatumia NetBox, hifadhidata ya kumbukumbu za mtandao, programu-jalizi ya netbox-bgp inahifadhi komyuniti vizuri; chagueni hiyo au YAML, zisiwe zote mbili.

Komyuniti ya shimo jeusi, 65535:666, inayoomba trafiki ya anwani fulani itupwe, ipewe kichujio chake. Ipokeeni kwa mteja pekee, kwa anwani zilizomo ndani ya alizoandikishiwa, kwa kawaida /32 za IPv4 (anwani moja moja), na mbandike NO_EXPORT papo hapo ili isivuke mpaka wenu.

Swali: AS yetu imezidi 65535. Tutaiandikaje?

Jibu: Komyuniti ya kawaida ina biti 32 zilizogawanywa nusu mbili za biti 16, hivyo namba yenu haiingii upande wa kushoto. Tumieni komyuniti kubwa za RFC 8092 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2017: sehemu tatu za biti 32 kila moja. Ya kwanza ni AS yenu, ya pili ni kazi, ya tatu ni AS inayolengwa au thamani. Kuazima AS ya binafsi, kama 64512, kwa upande wa kushoto hatuishauri. Mitandao mingine inaitumia vilevile, na maana zitagongana.

Swali: Mteja anaapa ametuma komyuniti ya amri, lakini haifanyi kazi. Tuangalie nini?

Jibu: Angalieni njia kabla haijapita kwenye kichujio chenu. Kwenye Junos, mfumo wa ruta za Juniper, tumia `show route receive-protocol bgp` na anwani ya jirani. Ukiwa na BMP, itifaki ya kufuatilia BGP, linganisha hali ya kabla na ya baada ya kichujio.

Komyuniti isipoonekana kabla, tatizo liko kwa mteja. Cisco IOS haitumi komyuniti mpaka jirani awekewe `send-community`, na IOS XR, mfumo mwingine wa Cisco, inahitaji `send-community-ebgp` kwa majirani wa nje. Ikionekana kabla na kupotea baada, tafuteni `set community` isiyo na `additive`: amri hiyo hufuta zote zilizokuwepo na kuweka yake. Kwenye Junos kosa hilo ni kuandika `community set` mahali pa `community add`.

Ikiwa ipo mpaka mwisho na bado haifanyi kazi, kagueni ruta inayotangaza kwa jirani aliyelengwa. Mara nyingi lebo imefika salama, ila orodha ya komyuniti kwenye ruta hiyo ni ya toleo la zamani.