Matukio Kwanza, Sura Baadaye

Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ianze kutolewa mwaka 2023, watu wanaonifahamu hapa Kigoma hawaachi kunionyesha miswada yao. Kuna walioandika kwenye daftari, kuna walioandika kwenye simu. Swali la kwanza huwa lilelile: sura moja iwe na kurasa ngapi? Nami huwajibu kwamba hilo wasiliguse kwanza. Ukimaliza rasimu, sahau sura. Futa hata vichwa vyake, "Sura ya Kwanza", "Sura ya Pili", vyote. Ubaki na matukio.

Tukio kwangu ni kipande cha hadithi kinachofanyika mahali pamoja, kwa mfululizo, na ndani yake yumo mtu anayetaka kitu. Akihama mahali, au zikipita siku mbili, hilo ni tukio jingine. Sura ni uamuzi tu wa wapi msomaji apumzike, na huwezi kuamua hilo kabla hujajua una matukio gani.

Mimi hununua karatasi ngumu za manila pale Mwanga, hapa hapa mjini, nikaikata vipande vya ukubwa wa kiganja, kila tukio na kipande chake. Naandika ni wapi, ni lini, nani anataka nini, nani anamzuia, na mstari wa mwisho: nini kimebadilika. Watoto wakishalala navitandaza mkekani. Kipande ambacho mstari wake wa mwisho umebaki mtupu ndicho cha kushughulikia kwanza. Wala usijidanganye kwa kuandika "tunazidi kumjua mhusika". Hayo si mabadiliko. Mabadiliko ni kwamba alikuwa na nyavu na sasa hana, alimwamini mdogo wake na sasa hamwamini.

Nitoe mfano kwenye riwaya ninayoihariri sasa. Zaituna ni mfanyabiashara wa dagaa. Katika rasimu, tukio la mwaloni Kibirizi, wanakoegesha wavuvi, lilianza akiamka alfajiri, akawasha moto, akanywa chai kwa muhogo, akateremka kutoka Mwanga, akasalimiana na wanawake wanaoanika dagaa, jua likachomoza nyuma ya vilima. Ndipo akamkuta nahodha. Sasa linaanza hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata nini huku?"

"Nyavu. Haruna kasema umezichukua kuzishona."

Nahodha akaacha kuchota maji yaliyoingia mtumbwini. "Hajakwambia?"

Chai imekwenda na muhogo wake. Dagaa waliotandazwa mchangani nimewabakiza, ila nimewahamisha. Wanatokea baada ya nahodha kumweleza kwamba Haruna ameuza nyavu zote. Zaituna anaondoka akiwakanyaga dagaa wa watu, mwenye dagaa anampigia kelele, naye Zaituna hasikii. Mwanzoni dagaa walikuwa pambo la mandhari. Sasa wanafanya kazi, na sikuhitaji tena sentensi ya kusema moyo wake ulipasuka.

Katika rasimu, sura ile iliishia Zaituna akirudi nyumbani, akajifunika kanga, usingizi ukamchukua. Hebu pitia muswada wako uone ni sura ngapi zinaishia mtu kulala. Mhusika akilala, msomaji naye anazima taa. Kinyume chake ni kukata palepale kwenye "Hajakwambia?", kama hadithi za gazetini zenye "Itaendelea" chini yake. Nilijaribu, nikapaacha. Msomaji wa gazeti anasubiri wiki nzima, kwa hiyo taharuki ile inamrudisha kununua toleo lijalo. Msomaji wa kitabu anafunua ukurasa tu na jibu analikuta, na ukimfanyia hivyo sura baada ya sura anaanza kuona unamchezea. Sura hiyo sasa inaisha Zaituna akiwa stesheni, anauliza nauli ya Tabora. Swali la nyavu limejibiwa, na limezaliwa jingine: atampata Haruna huko? Sura ikinipa jibu moja na swali moja jipya, naridhika nayo.

Hapo ndipo palipofuata sura ya treni, na sikufichi, iliniuma. Reli hii imefika Kigoma mwaka 1914 na mimi nimekulia kwenye mlio wake. Kutoka hapa hadi Tabora ni kilomita kama 400, nami nilikuwa nimeziandika karibu zote: Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, wachuuzi madirishani, mtoto anayelia behewa la pili. Ila Zaituna alipanda akimtafuta Haruna na akashuka akimtafuta Haruna. Mstari wa mwisho wa kile kipande ulikuwa mtupu. Kilichobaki ni pakiti ya chumvi ya Uvinza anayomkabidhi shangazi yake mlangoni, Tabora. Chumvi ile inatosha kusema amesafiri, na nafasi nyeupe kati ya sura mbili inabeba safari yenyewe. Angekutana behewani na mtu wa kumwambia kwamba Haruna kashuka Kaliua, ningeiacha treni itembee mpaka mwisho.

Unachokiondoa usikitupe. Wahandisi wa Kijerumani walipoizamisha meli ya Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, mitambo ikaonekana bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Faili langu la matukio yaliyoondolewa nimeliita Liemba. Maongezi ya abiria wawili wa treni ile yameshaibuka kwenye hadithi fupi.

Mstari wa "lini" nao usiuandike kivivu. Ukianza kuhamisha matukio, siku zinahama nayo, na kwa riwaya ya huku hata mwezi wa angani unahama. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo ukiandika leo kwamba ziwa zima limejaa taa, wiki mbili baadaye usiandike vilevile. Msomaji wa Katonga, kijiji cha wavuvi, atakifunga kitabu hapo hapo. Sasa kwenye kila kipande nachora kiduara: cheusi ni giza, cheupe ni mbalamwezi. Viduara hivyo vimenipa na kitu ambacho sikukitegemea. Siku za mbalamwezi wanaume wako nchi kavu, hawana kazi na fedha zinapungua, kwa hiyo ugomvi wote wa madeni uliokuwa umetawanyika ovyo nikausogeza huko. Matukio matatu yaliyokuwa mbalimbali yakajikuta jirani, na yalipokaribiana yakawa sura moja yenye joto kuliko zote.

Kuhusu kisengerenyuma, yaani hadithi kurudi nyuma kwa yaliyopita, nina neno moja tu: usimrudishe msomaji utotoni mwa mhusika kabla hajatamani kujua. Ukikiweka kwenye tukio la pili, karibu kila mara kimewahi mno.

Vipande vikishatulia, sura hazisumbui. Naanza juu, nakusanya matukio yanayofuata swali moja, na swali likijibiwa naweka kipande cha rangi nyingine kuwa mpaka. Kuna sura yenye tukio moja la kurasa tatu, kuna yenye matano. Rafiki yangu mmoja anayefundisha sekondari huona jambo hilo ni uzembe, anataka zilingane. Mimi nadhani kulingana kwa sura kunamfurahisha mwandishi kuliko msomaji. Ninachojali ni sura mbili za mwanzo zisiwe ndefu, kwa sababu hapo msomaji bado hajanizoea.

Namba za sura naziandika siku ya mwisho. Kabla ya hapo nasoma kwa sauti sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila sura, mfululizo, bila kugusa katikati. Zinazofuatana zikianza kwa namna moja nabadilisha moja, na ikiwa mbili zinaisha kwa mtu kutazama ziwa, ya pili naikata aya nzima.