Mume wangu alifariki tukiwa kwenye maombi. Je, imani yangu ni ya kweli?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mume wangu alikuwa anaumwa figo, tukaomba na kufunga sana ila akafariki. Tulipoanua tanga tu kiongozi wa kikundi chetu cha maombi akaniambia ningekuwa na imani ya kweli mume wangu asingekufa, kwa hiyo hata wokovu wangu una mashaka, nirudie sala ya toba na nitoe sadaka ya kufungua imani. Sala nimerudia, sadaka bado sina, na usiku hofu haiishi. Halafu kuna jambo linanisuta, kwenye kikoba nilisema hela ya mkopo yote iliishia hospitali na sio kweli, nyingine nilibaki nayo. Nitajuaje kama nina imani ile inayookoa?

JIBU: Pole sana mama yangu, pole kwa msiba na pole kwa hayo uliyoambiwa juu ya msiba. Nimeshindwa kuliacha swali lako lisubiri foleni maana maneno hayo nayasikia kila kona siku hizi na wajane wanaumia nayo kimya kimya.

Huyo kiongozi anafundisha kwamba imani ni nguvu iliyo ndani yako, ukiwa nayo nyingi mgonjwa anapona, ikipungua anakufa, na akifa basi hukuwahi kuokoka. Hayo mafundisho ni ya uongo, nasema wazi. Fungua Matendo 12. Herode anamuua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga, halafu anamkamata Petro, kanisa linaomba, malaika anamtoa Petro gerezani. Mji ni ule ule, kanisa ni lile lile, mmoja amezikwa na mwingine anagonga mlango. Sasa huyo kiongozi aje atuambie, mama yake Yakobo, yule aliyemfuata Yesu mpaka Golgota, naye alipungukiwa imani? Paulo aliyemwombea baba yake Publio kule Malta akapona ndiye huyo huyo anaandika kwamba mwenzake Trofimo alimwacha Mileto, hawezi, yaani mgonjwa. Na Waebrania 11 wanayopenda kuihubiri, wengi wanaishia katikati ya mstari wa 35, pale wanawake walipopokea wafu wao waliofufuliwa, hawaendelei kusoma wale walioteswa, waliopigwa mawe, waliokatwa kwa misumeno, ambao Biblia inasema nao WALISHUHUDIWA kwa sababu ya imani yao.

Tena muujiza wenyewe sio kipimo. Mathayo 7 kuna watu wametoa pepo na kufanya miujiza mingi kwa jina lake, na Bwana anawaambia, "Sikuwajua ninyi kamwe." Kwa hiyo mtu anaweza akawa na miujiza bila wokovu, na akawa na wokovu na kaburi la mumewe.

Hiyo sadaka ya kufungua imani usiitoe, hata mia. Simoni mchawi wa Samaria alipoleta hela ili apewe uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Mjane ana watoto wa kulisha halafu unamwambia alete hela ndio imani yake ifunguke, hivi mtu unalalaje usiku?

Sasa imani yenyewe ni nini. Kujua tu haitoshi, Waraka wa Yakobo unasema mashetani nao waamini na kutetemeka. Wazee wa kanisa walishalisema hili zamani, Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, kitabu cha Waprotestanti cha kufundishia imani kwa maswali na majibu, inasema imani ya kweli sio maarifa tu bali ni tumaini la moyo, kwamba Mungu amenisamehe na MIMI pia, kwa neema, kwa ajili ya Kristo. Yaani unaijua habari yake, unakubali ni kweli, halafu unajikabidhi kwake. Hapo kwenye kujikabidhi ndipo penyewe. Kwenye pantoni ya Kigamboni kuna anayesinzia na kuna aliyeshika chuma kwa woga mpaka vidole vimekufa ganzi, na wote wanashuka ng'ambo, kwa sababu kilichowavusha ni pantoni. Yule mnyang'anyi msalabani hakuwa na muda wa kukuza imani wala kusoma chochote, alisema tu "nikumbuke". Na yule baba wa Marko 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," Yesu hakumwambia nenda mashaka yaishe kwanza ndio urudi, alimponya mtoto hapo hapo. Hofu yako ya usiku haijakufukuza kwake mama. Na ile sala kama uliisema kwa moyo mara ya kwanza ilisikika, Mungu sio kiziwi, acha kuirudia.

Ila sitakudanganya upande wa pili, maana kuna wanaosema ukishaokoka basi, ishi utakavyo. Waefeso 2:8 inasema tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, mstari wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Wazee wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini Rwanda miaka ya 1930, mtu akiokoka alikuwa anarudisha alichoiba, mchana kweupe. Zakayo mtoza ushuru hivyo hivyo. Hakurudisha ili aokolewe, ila wokovu ulipoingia nyumbani kwake mkono wake ukafunguka. Kwa hiyo hilo la kikoba linalokusuta mimi nalihesabu ni dalili njema kuliko machozi yote ya kwenye mkesha. Roho anakusumbua kwa sababu wewe ni wake.

Basi fanya hivi. Usiende kwa wanachama wote kwanza, mfuate mhazini peke yake, mwambie ukweli, taja kiasi kilichobaki, na kama umeshakitumia kwa chakula sema hivyo na mpange kulipa kidogo kidogo. Kikundi hicho cha maombi kiache, lakini usikae nyumbani peke yako Jumapili, nenda kwa mchungaji wa kanisa lako ukamweleze yote, hata la huyo kiongozi, maana nina wasiwasi sio wewe tu. Na watoto wasije wakasikia kwa mtu yeyote kwamba baba yao alikufa kwa sababu mama hakuamini. Waambie wewe mwenyewe, mapema, kwamba baba aliumwa figo.