Re: Nyumba ya familia Dar, Mbezi Beach, Tegeta au Kigamboni?
Habari mkuu. Nimekuelewa, hela unayo ya nyumba moja, umekwama kati ya hizo sehemu 3 na dalali anakukimbiza utoe advansi wiki hii. Usitoe hata shilingi kwanza. Omba kopi ya hati ukafanye sechi ofisi ya ardhi (wanaangalia kwenye rekodi kama nyumba ina deni), mimi kuna nyumba Tegeta niliipenda sana, dalali akaapa haina deni, sechi ikaonyesha imewekwa rehani benki, nikaachana nayo nikatafuta nyingine hukohuko. Cheki pia hati imebakiza miaka mingapi maana zipo za 33, 66 na 99, na kama muuzaji ana mke au mume ridhaa iwe ya maandishi, usikubali "tutaongea nae".

Halafu nenda ukaione masika, Mbezi Beach kuna mitaa kiangazi inapendeza kweli ila mvua ikishuka maji yanaingia hadi sebuleni, waulize wenye genge hapo jirani sio dalali. Kigamboni unapata eneo kubwa, ila daraja la Nyerere la kuvukia kuja mjini ni la kulipia, kama kazi iko Posta, katikati ya jiji, piga hesabu ya kwenda na kurudi mwezi mzima. Kwa watoto wanaosoma upande huu wa daraja, sio Kigamboni, ningebaki Tegeta.