Taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi: kabla hujafungua tena

Kwa aliyeuliza: kompyuta yako mpakato iliwaka bila picha, ukaifungua ukabadilisha RAM (kadi ya kumbukumbu), ukafunga, na sasa hata kitufe cha kuwasha hakiitiki. Una matatizo mawili, na la pili limeingia wakati wa kufungua. Anza na hilo.

Kompyuta mpakato nyingi zina kitufe cha kuwasha kwenye kibodi yenyewe, na kibodi inaungwa na ubao mama kwa utepe mwembamba. Utepe ukikaa upande kidogo tu, mashine inakuwa kama maiti. Chomoa chaja, fungua, na kabla ya kugusa chochote kingine chomoa plagi ya betri. Kisha itazame soketi ya utepe kwa tochi. Ina kikufuli cha plastiki: kuna cha kunyanyua kwa ukucha, na kuna cha kuvuta nje kama milimita moja pande zote mbili. Soketi chache hazina kikufuli kabisa. Utepe unaingia kikufuli kikiwa wazi, bila kutumia nguvu, mpaka ncha zake zote zizame sawasawa kushoto na kulia, ndipo unafunga. Ukijikuta unasukuma kwa nguvu, kuna kitu hakijakaa sawa. Kikufuli kikivunjika, kazi ya dakika mbili inageuka kazi ya kuchomelea soketi mpya.

Ikishawaka, rudi kwenye kioo. Hili lilipaswa kupimwa kabla ya bisibisi. Unganisha runinga au skrini ya nje. Picha ikija huko, RAM ilikuwa haina kosa. Tatizo ni kioo, kebo yake au taa ya nyuma ya kioo. Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi kiubavu: ukiona picha hafifu, ni mwanga tu uliokufa. Na ukiigusa kebo ya kioo, betri iwe imechomolewa, sina mjadala kwenye hili. Pini za umeme wa taa zimepangana na pini za data. Kebo ikiingia mshazari huku umeme upo, fyuzi ndogo kuliko punje ya mchele inakatika, na hapo hata kioo kipya hakitawaka.

Skrini ya nje nayo ikiwa nyeusi, chomoa chaja na betri, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake. Mashine chache hukataa kuwaka bila betri, hizo zirudishie. Jaribu RAM moja kwa nafasi moja, kisha hamisha. Hakikisha pia ulinunua aina yenyewe: DDR4 ya mpakato ina pini 260, DDR5 ina 262, haziingiliani. DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5 na DDR3L volti 1.35, zinaingia nafasi moja, lakini mashine iliyoundwa kwa DDR3L inaweza kuikataa ile nyingine na kukuachia kioo cheusi. DDR5 mpya nayo inaweza kukaa giza dakika kadhaa ikiwashwa mara ya kwanza. Wengi huizima katikati wakidhani imekufa.

Skrubu usizichanganye. Chora umbo la mashine kwenye karatasi na ubandike kila skrubu mahali pake. Ya milimita 5 ikiingia shimo la milimita 3 inaweza kutoboa ubao au kubonyeza padi ya kipanya kwa chini. Kifuniko kikigoma, papasa chini ya miguu ya mpira, mara nyingi kuna mbili zimejificha.

Wanaokushauri uupashe ubao moto kwa oveni, wapuuze. Picha ikirudi, hairudi kwa muda mrefu.

Mashine ikiwa bado haiitiki, chaja ya pini ya duara ipime kwa mita ya umeme: nyingi zinatakiwa kutoa volti 19 hadi 20. Kwa chaja ya USB-C tumia kipimo kidogo cha kuchomeka katikati ya chaja na mashine. Ikikwama kwenye volti 5 hata baada ya kubadilisha chaja na kebo, shaka inahamia kwenye tundu la chaja au chipu zake ubaoni, na hapo panahitajika hadubini na mashine ya hewa moto. Mpelekee fundi, umwambie kila ulichochomoa, na umpe na RAM ya zamani.